Maswali ya Wasomaji: Askari wa 1846 asiyeonekana kwenye misafara

SWALI: Mume wangu ni mzaliwa wa Utah. Kwao wanasema babu wa babu yake alikuwa Mmormoni wa mwanzo na askari wa mwaka 1846. Nimepekua majina ya misafara ya Wamormoni iliyoingia Salt Lake, Utah, mwaka 1847, simwoni. Au ni porojo za ukoo? – Msomaji, Marekani

JIBU: Huenda hawakosei, ila umemvizia kwenye njia asiyopita. Wamormoni wapatao 500 waliandikishwa Julai 1846 huko Council Bluffs, Iowa, kwa vita vya Marekani na Meksiko: kikosi kilichoitwa Mormon Battalion, kombania tano, A hadi E. Walitembea hadi San Diego, wakafika Januari 1847, na kuachishwa jeshi Los Angeles tarehe 16 Julai. Wengi waliingia Utah wakitokea California, wengine baada ya kukawia huko kutafuta kibarua. Wagonjwa walipelekwa Pueblo, Colorado ya leo. Hao walifika Salt Lake tarehe 29 Julai, siku tano baada ya Brigham Young, kiongozi wa Wamormoni.

Anza na kadi zake za utumishi, mikrofilamu M351 ya Nyaraka za Taifa za Marekani. Andika kombania kabla ya kitu kingine, maana majina yanafanana mno na makarani waliandika walivyosikia. Jaribu tahajia tatu au nne.

Kisha pensheni. Sheria ya Januari 1887 iliwapa maveterani wa vita hiyo dola 8 kwa mwezi, na wajane pia. Jalada la mjane ndilo lenye utamu: tarehe na mahali pa ndoa, na viapo vya mashahidi. Lakini kama mzee alioa wake kadhaa, usimbandikie mjane aliyeomba watoto wote.

Askari hao walistahili pia hati ya kupewa ardhi ya ekari 160 kwa sheria ya 1847. Wengi waliiuza, kwa hiyo ardhi hutokea kwa jina la mnunuzi. Tafuta jina la aliyepewa hati, si mmiliki. Ukiagiza jalada taja namba ya hati, ekari na mwaka wa sheria.

Kadi zisipopatikana kabisa, uliza kama uaskari wake ulikuwa wa wanamgambo wa Utah, waliojiita Nauvoo Legion: mzozo wa 1857 na serikali ya Marekani, au vita vya Black Hawk na Wahindi Wekundu vilivyoanza 1865. Hapo achana na Nyaraka za Taifa huko Washington, nenda Nyaraka za Jimbo la Utah.