Maneno ambayo hakuna mwalimu atakayekufundisha

Wadogo zangu mnaoingia kidato cha kwanza kutoka shule za msingi za Rungwe, Busokelo na Mbeya vijijini, mmezoea kusoma kwa Kiswahili, na sasa karibu masomo yote yanawajia kwa Kiingereza. Nafundisha Jiografia hapa Tukuyu. Naona wengi mnaanza kwa kukariri maneno magumu ya kila somo, na hapo ndipo nguvu zinapopotea.

Maneno hayo yana wenyewe. Volcano na crater nitawafundisha mimi, tena Mlima Rungwe tunao hapa na Ziwa Ngozi haliko mbali. Photosynthesis itachorwa ubaoni na mwalimu wa Baiolojia. Yanayowaangusha ni yale yaliyotapakaa katika kila kitabu bila kuwa na somo lake: whereas, despite, contribute, distinguish, account for. Mwalimu wa Baiolojia anaamini wa Kiingereza ameshayafundisha, naye wa Kiingereza ana mada zake za kumaliza. Swali likisema “Account for soil erosion in the southern highlands”, linataka sababu. Mwanafunzi anajaza ukurasa mzima akieleza mmomonyoko ni nini, na alama anakosa. Huwa inaniuma sana ninaposahihisha, kwa sababu sababu zenyewe anazijua; ukimuuliza kwa Kiswahili anazitaja zote.

Mwaka 2000 Averil Coxhead, mtafiti wa lugha wa New Zealand, alichapisha orodha ya maneno ya aina hii, familia 570 (familia ni neno pamoja na ndugu zake), aliyoyachuja kutoka maandishi ya masomo mbalimbali ya chuo kikuu. Yalikuwa kama asilimia 10 ya maandishi hayo. Kwa hiyo chukua penseli, na neno ulilolikuta kwenye Historia ukilikuta tena kwenye Kemia, lipigie mstari. Hilo ndilo la kuingia daftarini. Pitia na mitihani ya miaka ya nyuma, hasa neno la kwanza la kila swali.

Usiliandike peke yake na tafsiri moja mbele yake. Liandike na maneno linaloandamana nayo. Mvua yetu ya Machi ni heavy rain, lakini upepo ni strong wind, na chai iliyokolea ni strong tea. Hakuna kanuni ya kukueleza kwa nini, unashika hivyo hivyo. Angalia zaidi vile vineno vidogo vya nyuma. Result in inakupeleka kwenye matokeo, result from inakurudisha kwenye chanzo. Ukiandika kwamba heavy rain results from landslides, umesema maporomoko ndiyo yanayoleta mvua, na msahihishaji hawezi kukuhurumia. Andika na ndugu zake pia: produce, product, production, productive.

Kisha funika ukurasa ujaribu kukumbuka, kesho yake, wiki ijayo, na mwezi ukiisha. Tunga sentensi kuhusu mambo ya kwenu, viazi, majani ya chai, barabara ya utelezi, umsomee mwenzako mkirudi nyumbani.

Na msiogope kumuuliza mwalimu yeyote, hata wa Hisabati. Hence na respectively mtazikuta kwake kabla ya kwangu.