Usianzie sifuri! Mayai yangu 176 yaliishia hapo

Mkuu, simama hapo hapo, usipange hata yai moja kesho. Umesema Arduino yako, ile bodi ndogo ya kompyuta ya kwenye inkubeta (mashine ya kuangulia mayai), inasoma kihisi cha joto cha DS18B20 kila sekunde mbili, unataka ioneshe joto la chini kabisa na la juu kabisa, kisha ianze upya kila saa sita usiku na kuandika kwenye memori kadi. Mimi nimekwama kwenye mstari wa kwanza wa programu yako: `float chini = 0, juu = 0;`, yaani joto la chini na la juu yote yanaanza na sifuri. Huo ndio mstari ulioniulia vifaranga.

Programu inauliza kila mara: joto hili ni dogo kuliko chini? Inkubeta iko nyuzi 37.5. Likishuka hadi 25, bado 25 si ndogo kuliko 0. Chini itabaki 0 tangu siku ya kwanza hadi ya 21, mashine iwake isiwake. Ungekuwa na friza ya -18, juu ndiyo ingeganda kwenye 0.

Niliiona ile 0.0 siku ya pili. Nikajisemea, Iringa kuna baridi lakini si ya kugandisha mayai ndani ya boksi, hiyo ni hitilafu ndogo, nitairekebisha baadaye. Nikabandika plasta juu yake isinisumbue. Bodi ilikuwa inakula paua benki, balbu za joto zinakula umeme wa ukutani. Kila alfajiri nakuta 37.6, juu 37.9, nafurahi. Siku ya 7 nikayamulika kwa tochi, mishipa ilikuwa imetanda vizuri. Siku ya 18 nikaacha kuyageuza.

Siku ya 21 nilikaa mbele ya kioo tangu asubuhi. Kimya. Siku ya 23 wakatoka 19, wamelegea. Yaliyobaki nikayapasua moja moja, na mengi yalikuwa na kifaranga aliyekamilika, manyoya yapo, amefia ndani. Mlinzi wa jirani ndiye aliyeniambia kwamba wiki mbili zile umeme ulikuwa unakatika usiku wa manane na kurudi kabla ya alfajiri. Bodi ilikuwa macho muda wote huo. Ilisoma joto likishuka, ikalilinganisha na sifuri, ikalitupa. Habari ilipita mikononi mwangu kila usiku!

Na yule mwalimu wa video niliyemuiga bado ananikera. Alipima programu yake kwa kupasha kihisi moto kwa kiberiti. Juu ikapanda, akashangilia, video ikaisha. Hakukipoza hata mara moja. Watu walimuuliza kwa nini chini haisogei, hakuwajibu. Unafundishaje kitu ambacho nusu yake hujakijaribu?

Wapo watakaosema kuku wa kienyeji hahitaji bodi. Sawa, lakini nitajieni kuku mmoja anayeatamia mayai 176.

Sasa shika hili: chini na juu zote mbili zianze na usomaji wa kwanza ulio halali. Si 0, wala si namba uliyoibuni kichwani. Usomaji wenyewe. Na nasema halali kwa sababu awamu ya pili nilichukua wa kwanza tu bila kuukagua, na juu ikasimama kwenye 85. DS18B20 ikipata umeme huwa imeshika 85 mpaka imalize kupima, na kwa biti 12 (kipimo chake cha kina zaidi) kupima huchukua hadi milisekunde 750. Waya ukilegea, maktaba ya DallasTemperature (programu iliyoandikwa tayari ya kukisoma kihisi hiki) inakurudishia -127, na hiyo ikiingia kwenye chini haitoki. Kwa inkubeta, kataa chochote kilicho chini ya 5 au juu ya 60 kabla hujalinganisha. Ila usikitupe kimyakimya: hesabu vilivyokataliwa na uioneshe hesabu hiyo kwenye skrini, maana ikipanda waya wako unakufa.

Usiku huu, kabla ya kulala, washa bodi na ufumbate kihisi ngumini mpaka juu ipande. Kisha kitumbukize kwenye maji ya mtungini (kama ni kile chenye ganda la chuma kisichopitisha maji) ungoje dakika mbili. Chini ishuke, juu ibaki palepale. Chini ikiendelea kusoma 0, mayai yabaki kwenye trei.