Mgebuka wangu mwenye rejeta amepata mwenyewe

Juzi nimeuza mgebuka, yule samaki wa Ziwa Tanganyika. Si wa kukaanga. Huyu nilimchora kwenye hadibodi, urefu futi nne, mashavu yake ni rejeta ya gari na tumboni inawaka karabai. Mnunuzi alisimama mbele yake kimya, kisha akauliza, "Huyu akipanda juu usiku, si dagaa watamfuata wenyewe?" Moyo wangu ukatulia. Mgebuka hula dagaa, na dagaa hufuata mwanga. Alikuwa amemwelewa.

Siku hiyo hiyo dada mmoja wa Kasulu akaniandikia: "Kaka, nachora wanyama wenye mashine, watu wanasema ni katuni. Niache?"

Usiache, mdogo wangu. Nami niliambiwa hivyo hivyo na mpaka leo linaniuma. Nilipanda treni hadi Dar na picha ya sokwe mwenye mikono ya roboti, nimeifunga kwenye khanga ya mama. Mwenye duka la picha hakungoja hata niifungue yote. "Hizi wapelekee watoto." Nilirudi Kigoma, miezi mitatu sikushika brashi.

Lakini yule sokwe alikuwa na kasoro kweli, na niliiona baadaye, peke yangu. Ile mikono haikuwa na kazi. Mwaka 1960, hapo msitu wa Gombe, mtafiti Jane Goodall aliona sokwe akichomeka unyasi kwenye kichuguu na kuvua mchwa. Kifaa tayari anacho mkononi, halafu mimi nikamkata mkono!

Basi sikiliza. Chuma kiwe na kazi mwilini. Mashavu ya samaki ni nyuzi laini zilizopangana, maji yapite, samaki apate hewa. Rejeta nayo ni vibati vyembamba vilivyopangana, upepo upite, uchukue joto. Nilishinda gereji moja mtaa wa Mwanga, hapa Kigoma, nikichora rejeta kuukuu, kibati kwa kibati, na kesho yake alfajiri nikawa mwaloni Kibirizi namfunua samaki mashavu. Wino ulichanganyika na damu kwenye daftari.

Wala usisingizie vifaa. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga alianza mwaka 1968 kwa hadibodi na rangi ya baiskeli.

Chora mnyama halisi kwanza. Chora mashine halisi. Rudia, rudia tena. Ukimaliza nitumie picha, nami nitakuuliza swali moja tu: hicho chuma kinamsaidia nini?