Jibu: Kusikiliza muziki ukifanyiwa upasuaji wa kujifungua

Pole na hofu, dada. Umeuliza kama muziki unasaidia ukiwa macho, umechomwa sindano ya ganzi mgongoni. Kwanza zungumza na mtaalamu wa usingizi kabla ya siku yenyewe. Ruhusa ni yake. Mimi niliruhusiwa kuweka kisikilizi sikio moja tu, la pili nimsikie yeye. Mikono ilikuwa ikitetemeka hadi kitanda kinagonga; taarabu ilipofika wimbo wa pili, ikatulia. Kuvutwavutwa tumboni nilikuhisi vilevile, hofu ndiyo iliyopungua. Nyimbo zipakue mapema, chagua unazozipenda mwenyewe. Mwaka 2015 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha mapitio ya majaribio zaidi ya 70: muziki ulipunguza maumivu na wasiwasi baada ya upasuaji, hata kwa waliolazwa usingizi kabisa.