Neno "njoo" nililiharibu mwenyewe

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: "Katika kulea mtoto wa mbwa, ni kosa gani lililokuchukua muda mrefu kulirekebisha?" Langu ni la neno moja: "njoo".

Mbwa wetu Chui tulimchukua kwa jirani hapa Uyole mwezi Juni, akiwa na wiki nane. Mnaijua baridi ya Juni ya Mbeya. Usiku wa kwanza alilia mpaka saa tisa, maana alizoea kulala katikati ya ndugu zake watano. Nikajaza maji ya moto kwenye chupa, nikaizungushia kipande cha kitenge, nikailaza kwenye boksi lake juu ya gunia. Akaiegemea, akanyamaza. Mkojo haukutusumbua sana: tulimtoa nje kila alipoamka na kila alipomaliza kula, na baada ya wiki tatu hivi akawa anakwenda mlangoni mwenyewe. Alipotimiza miezi mitatu bwana mifugo akampa chanjo ya kichaa cha mbwa, akatuachia kadi yenye tarehe ya kurudia mwakani.

Alipoingia mwezi wa nne akaanza kutafuna kila kitu: mguu wa stuli, mpini wa jembe, ndala za bibi. Jumapili moja nikakuta kiatu cha shule cha binti yangu kimeliwa kisigino. Chui alikuwa nyuma ya nyumba anaota jua. Nikamwita, "Chui, njoo!" Akaja mbio, mkia unacheza, nami nikamchapa kwa kiatu hichohicho.

Mimi nilijua namchapa kwa sababu ya kiatu. Yeye kiatu alishamalizana nacho saa nzima kabla. Alichofanya dakika ile ni kuitika tu. Basi akashika hilo. Tangu siku hiyo nikisema "njoo" anainamisha kichwa, anajikunja, anakojoa palepale aliposimama. Iliniuma sana, na bado inaniuma.

Siku chache baadaye nilikuwa nakung'uta gunia lake, likadondoka jino. Dogo kama punje ya mchele, ncha yake kali. Kumbe meno ya utoto yalikuwa yanatoka na fizi zinamsumbua! Tukakifunga fundo kipande cha jinzi kuukuu, tukakilowesha maji baridi, akawa anatafuna hicho. (Magunzi tunamnyang'anya, maana akimeza kipande kinaweza kumziba utumbo.) Viatu vikapona.

Neno ndilo lililochelewa kupona. Tena nilipochunguza nikaona hata maneno mengine tumeyavuruga: mimi nasema "acha", mke wangu "toka", watoto "shii", bibi anamsemesha Kinyakyusa. Mbwa wa miezi minne atamsikiliza nani? Jioni moja tukakaa jikoni tukapatana kwamba neno la kumkataza ni "acha" kwa kila mtu, bibi akiwemo. "Njoo" tukalitupa kabisa, mahali pake tukaweka mluzi, mara mbili. Nilitembea na dagaa mfukoni miezi miwili. Mwanzoni nilipiga mluzi akiwa hatua mbili tu kutoka nilipo, akija anapata dagaa. Kesho yake hatua tano. Baadaye kutoka upande wa pili wa shamba la viazi. Na tukaweka sharti nyumbani: akiitwa akaja, haguswi, hata kama ametoka kuua kuku.

Mwezi uliopita mtoto aliacha lango wazi. Mbuzi wa jirani walikuwa wanapita, Chui akachomoka nyuma yao kuelekea barabara kuu, kule yanakopita malori ya Tunduma. Nilikuwa mbali, nisingemkimbilia. Nikapiga mluzi, mara mbili.

Alisimama ukingoni mwa mtaro, mguu mmoja juu, akawatazama mbuzi, kisha akageuka. Akarudi mbio mpaka miguuni kwangu. Mfukoni sikuwa na dagaa siku hiyo. Nilikuwa na nusu chapati, nikampa yote.