Anzia Adulis: Ushauri kwa Anayetaka Kusoma Karne za Mwisho za Ulimwengu wa Kale

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa kijana anayesoma historia chuo kikuu. Anasema amevutiwa na kipindi kinachoanzia takriban karne ya 3 hadi ya 7, lakini kila anapofungua kitabu anazama katika majina ya makaisari wa Roma, anachoka, na kukifunga. Anauliza aanzie wapi, na kama ajifunze kwanza Kigiriki au Kigeez, lugha ya kale ya Uhabeshi. Nilimjibu kwa mistari michache, ila swali lake limenigusa mahali ambapo bado pana maumivu, kwa hiyo nalijibu hapa kwa kirefu, nikiamini kwamba wengi wenu mna kiu kama yake.

Ushauri wangu ni huu: chagua mahali pamoja, ukae hapo mpaka upajue. Mimi nilichagua Aksum, dola ya nyanda za juu za Uhabeshi ambayo bandari yake kuu ilikuwa Adulis, kwenye pwani ya Eritrea ya leo. Vitabu vingi vya mwanzo huanza na mwaka 476, jemadari Odoacer alipomwondoa madarakani kijana Romulus Augustulus, kaisari wa Roma ya Magharibi, na msomaji akaachwa akidhani kwamba kipindi chote ni habari ya kuanguka. Ukikaa Adulis huoni kuanguka kokote. Unaona meli, pembe za ndovu, maaskofu, na wafalme wanaopiga sarafu zao za dhahabu. Katika mafundisho ya Mani, nabii wa Babeli aliyeishi karne ya 3, Aksum inatajwa kuwa miongoni mwa falme nne kuu za dunia, pamoja na Roma, Uajemi na Uchina.

Nilipopeleka pendekezo langu la utafiti wa shahada ya uzamili, lililohusu dini na biashara katika Bahari ya Shamu, mjumbe mmoja wa jopo aliniuliza mbele ya wenzangu mambo hayo yanamhusu nini Mtanzania. Watu walicheka. Pendekezo likakataliwa, nikapewa mada nyingine, nikaiandika, nikapata shahada, na tasnifu yenyewe sijaifungua tena tangu siku niliyoikabidhi. Sitamtaja mtu wala chuo. Nasema tu kwamba kicheko kile kilinikalia moyoni kwa miaka, na kwamba kusoma kwangu usiku baada ya kazi, kwa muda mrefu, kulisukumwa na hasira kuliko na upendo wa elimu.

Sitawachosha na habari za kujifunza herufi na minyambuliko ya vitenzi vya Kigiriki. Nifike kwenye vitu vyenyewe, maana ndipo nilipopona.

Mchukueni mfalme Ezana, aliyetawala Aksum katika karne ya 4. Katika maandishi yake ya mwanzo yaliyochongwa kwenye mawe anajiita mwana wa Mahrem, mungu wa vita, ambaye katika Kigiriki anaitwa Ares. Baadaye anamshukuru Bwana wa Mbingu, na lipo jiwe la Kigiriki ambalo ndani yake anawataja Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Sarafu zake nazo zinasimulia hivyo hivyo: za kwanza zina hilali na duara, za baadaye zina msalaba. Hapo huhitaji mtaalamu wa kukueleza kwamba mfalme alibadili dini. Unaona kwa macho yako kitu kilichopita mikononi mwa watu wa wakati ule. Ndiyo maana nasisitiza kwamba msome kwanza kilichoandikwa au kutengenezwa katika zama zenyewe, kisha ndipo mwende kwa wafafanuzi. Kwenye sarafu za shaba za Aksum yapo maneno ya Kigiriki yanayosema, "Na hili liipendeze nchi." Niliposoma maneno hayo kwa mara ya kwanza bila kusaidiwa na mtu, nilisimama nikazunguka chumba kizima.

Au mchukueni Frumentius. Rufinus, mwandishi wa historia ya Kanisa, anasimulia kwamba alikuwa kijana kutoka Tiro, mji wa pwani ya Lebanoni ya leo, aliyekuwa safarini na mwalimu wake pamoja na ndugu yake Aedesius, wakati meli yao iliposhambuliwa pwani na watu wake kuuawa. Vijana hao wawili walikutwa chini ya mti wakijisomea, wakahurumiwa, wakapelekwa kwa mfalme. Aedesius akawa mnyweshaji wake, Frumentius akakabidhiwa hesabu na nyaraka, na hatimaye Athanasius, askofu wa Aleksandria, akamweka wakfu kuwa askofu wa Aksum. Rufinus anasema habari hii aliipata kwa Aedesius mwenyewe. Karibu na mwaka 356, kaisari wa Roma Constantius II, aliyekuwa na ugomvi na Athanasius, alimwandikia Ezana na ndugu yake Sazana akitaka Frumentius arudishwe Aleksandria akahojiwe imani yake. Barua hiyo tunayo kwa sababu Athanasius aliinakili katika utetezi wake. Hakuna dalili kwamba Ezana aliitii.

Wasomaji waliopitia madrasa wana hazina ambayo wengi wao hawaitumii. Aliyehifadhi sura ya Alamtara katika Qurani na kusikia tafsiri yake anamjua Abraha na jeshi la ndovu. Basi Abraha huyo anapatikana pia nje ya tafsiri. Procopius, mwanahistoria wa Kigiriki wa karne ya 6, anaandika kwamba alikuwa mtumwa wa Mrumi aliyefanya biashara ya meli Adulis, na kwamba alishika utawala wa ufalme wa Himyari, huko Yemeni, baada ya Kaleb, mfalme wa Aksum, kuivamia nchi ile mnamo mwaka 525 kufuatia mauaji ya Wakristo wa Najran. Tena yapo maandishi ya Abraha mwenyewe, ya karibu mwaka 548, yanayoeleza alivyolikarabati bwawa la Marib na kupokea wajumbe wa Najashi, yaani mfalme wa Uhabeshi, wa Roma na wa Uajemi. Mtu anayekaa na jina kama hilo tangu utotoni, kisha akaamini kwamba historia hii ni ya wageni, amekubali kunyang'anywa, na mimi siwezi kumhurumia.

Mwezi uliopita niliombwa kutoa mhadhara juu ya Adulis. Ukumbi ulijaa na wengine walisimama. Aliyenihoji zamani alialikwa, hakufika. Jibu nililokosa siku ile nililisoma kwa sauti mbele ya wote: Kosmas, mfanyabiashara wa Aleksandria aliyekuwapo Adulis Kaleb alipokuwa akijiandaa kuvuka kwenda Himyari, anasema kwamba mabaharia wa bahari ya Hindi wanaijua Zingion, iliyo mbele ya nchi ya ubani. Ndiyo pwani ya Zanji, yaani pwani yetu ya Afrika Mashariki, ambayo waandishi wa Kiarabu wataieleza baadaye.

Kwa hiyo, ndugu zangu, acheni kuomba ruhusa ya kusoma. Acheni kukusanya vitabu vya muhtasari na kuvipanga kabatini. Chagueni mahali pamoja mkae, na msome maandishi ya zama zile kabla ya maoni ya watu juu yake. Najua nimekwisha kulisema.

Nawe kijana uliyeniandikia, anza na Kigiriki. Barua ya Constantius imetufikia kwa lugha hiyo, na Kosmas, Procopius na maneno ya sarafu za dhahabu za Aksum ni vya Kigiriki. Ukishaweza kusoma sentensi fupi, ingia kwenye kitabu cha pili cha Kosmas, anapoeleza jinsi yeye na mwenzake walivyonakili maandishi ya kiti cha marumaru cha Adulis kwa agizo la mfalme. Kurasa zake za umbo la dunia ziruke, maana aliamini kwamba dunia ni bapa na mbingu ni sanduku, na hoja zake zinachosha. Kigeez kifuate baada ya hapo. Herufi zake za msingi ni 26, kila moja ikiwa na maumbo 7, na mazoezi ya mwanzo yafanyie kwenye sarafu zilizoandikwa kwa Kigeez, kwa kuwa maneno yake ni machache na picha zake zinapatikana bure katika tovuti za makumbusho.