Piga hodi kabla ya kuzima: kwa mnaoanza kazi kwenye PLC za zamani

Wadogo zangu mnaokuja fildi kwenye viwanda vya Tanga, mtakutana na PLC, yaani kompyuta ndogo zinazoendesha mashine, zilizowatangulia kuzaliwa. Nyingi ni nzima na zinapiga kazi. Ila siku hizi ofisi inataka kuona joto na presha kwenye kompyuta, na mashine hizi lugha yao ni waya wa siriali tu. Ndipo unapokabidhiwa boksi la moduli ya mawasiliano na kuambiwa: nenda kachomeke.

Usichomeke kwanza. PLC hizi huwa na rafu, fremu ya kuchomekea moduli, na moduli za rafu nyingi za zamani haziingizwi umeme ukiwa umewashwa, kwa hiyo kuzima ni lazima, na hatari yenyewe iko hapo. Chukua SLC 500 ya Allen-Bradley: programu inakaa kwenye kumbukumbu inayolindwa na betri ndogo ya lithiamu. Betri ikiwa imekufa na hakuna moduli ya kumbukumbu ya akiba, ukizima programu inapotea. Taa ya BATT huwaka kukuonya, lakini ikishawaka muda mrefu watu huizoea kama picha ya ukutani.

Mimi niliizima. Kiwanda sikitaji. Nilipowasha, ikaja taa nyekundu, na mashine ikakaa kimya siku mbili tukisaka nakala ya programu. Tuliipata kwa fundi mmoja aliyekwisha staafu. Akaja na baiskeli yake kutoka Ngamiani, flashi mfukoni. Wala hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, uliingia bila hodi?"

Tangu hapo naanza na laptopu na kebo ya siriali: navuta programu, naihifadhi sehemu mbili. Nakala ya kuvuta mara nyingi haiji na maelezo ya aliyeitunga, utaona anwani tupu bila jina la pampu wala vali. Ichukue hivyo hivyo. Kisha naangalia betri, napiga picha waya zote kwa simu, halafu ndiyo nazima.

Kwenye waya sasa. Hapa ndipo vijana wanapopoteza siku nzima wakibadilisha mipangilio ya moduli isiyo na kosa. Laini ya RS-485, aina ya waya wa siriali unaounganisha vifaa vingi, inataka rezista ya omu 120 kila mwisho. Zima vifaa vyote, pima kati ya waya mbili: mita ikisoma karibu na 60, zote zipo. Ikisoma 120, moja imekatika au hakuna aliyeifunga. Mimi niliikuta imekatika ndani ya kisanduku cha pampu karibu na bahari, skrubu zimeota kutu ya kijani kwa chumvi. Hewa yetu hii haina huruma na shaba. Na herufi A na B zinazotaja waya hizo mbili msiziamini sana, watengenezaji hawakukubaliana. Ukikosa majibu, geuza waya mbili ujaribu tena, hakuna kitakachoungua.

Kwenye Modbus, lugha ambayo vifaa hivi huzungumza, kitabu kikisema rejista 40001 (chumba cha kuhifadhia namba moja), programu nyingi zinataka uandike 0. Ukikosea kwa moja unasoma ya jirani: namba inakuja safi kabisa, kumbe si yake. Kaa na mtu mbele ya geji ya mashine mlinganishe.

Modbus haina nywila. Anayefika mlango wa 502, ambao Modbus huutumia kwenye mtandao, anaweza kusoma na hata kuandika, kwa hiyo moduli hiyo usiiunganishe moja kwa moja na intaneti, hata bosi akitaka kuona pampu akiwa nyumbani Raskazone.

La mwisho ni kasi. Kompyuta mpya ina papara, PLC kuukuu ina majibu ya pole pole, na ukiiuliza mfululizo itaanza kukunyima majibu. Ofisi ilitaka joto la beringi mara kumi kwa sekunde. Nikaweka mara moja kila sekunde tano, na mpaka leo hakuna aliyekuja kulalamika.